Maswali yenu: Nimpigie bingwa saa nane usiku au nisubiri kukuche?

Mwezi uliopita niligusia hapa mistari miwili tu kuhusu marezidenti wa wodi ya watoto, yaani wale madaktari walioshamaliza chuo na intanshipu wakarudi kusomea ubingwa huku wanafanya kazi wodini usiku na mchana, wala sikutegemea kama nitachokoza watu kiasi hiki. Barua za homa na kuhara zimezidiwa kabisa. Nimechagua nane, nimezipunguza urefu, na majina ni ya kujipachika wenyewe. Wale wa lishe na chunusi msinune, zamu yenu inakuja.

Shikamoo daktari. Nimebakiza miezi miwili nimalize intanshipu. Wodi ya watoto niliipenda kuliko zote ila wenzangu wananicheka, wanasema kule hamna cha kusoma, ni dawa za watu wazima unagawanya kwa mbili basi. Hivi miaka yote hiyo mtu anasoma nini hasa? (Bado Naamua)

Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako waambie wakamgawanyie kwa mbili mtoto aliyezaliwa na wiki 28 halafu waje tuongee.

Sikiliza, ukiwa rezidenti wa watoto asubuhi unaweza kuwa na njiti wa gramu 900 mbele yako na mchana ukawa na kijana wa miaka 14 mwenye kilo 70 na ndevu zinaanza kuchungulia, na wote wawili ni wagonjwa wako. Kila kitu kinakwenda kwa kilo. Parasetamo miligramu 10 mpaka 15 kwa kilo, dripu nayo kwa kilo, kuna ile hesabu ya Holliday na Segar ya mwaka 1957 ambayo mpaka leo bado tunaanzia hapo, kilo 10 za kwanza mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, kilo 10 zinazofuata 50, zinazobaki 20. Haya mtoto wa kilo 14 anapata ngapi? 1200, na kuna bingwa mmoja alikuwa hakuruhusu kusogea kitanda kinachofuata mpaka uitaje bila kalkuleta. Mapigo ya moyo 140 kwa mchanga wa siku mbili hayashtui mtu, kwa huyo kijana wa ndevu akiwa amelala zake tu ujue kuna jambo. Mtoto wa kilo moja damu yake yote ni kama mililita 80 mpaka 90, sasa pata picha mtu anamchota mililita 3 za vipimo kila asubuhi kwa mazoea tu. Alafu wachanga wanategemea pua kupumua, kwahiyo kamasi peke yake zinaweza kumfanya agome kunyonya, mama anakuja analia mtoto hanyonyi wewe unaanza kuwaza mambo makubwa kumbe suala ni pua.

Miaka inategemea nchi, Marekani 3, Afrika Kusini 4, MMed (shahada ya ubingwa) ya Afrika Mashariki kwa kawaida 3, Uingereza wanakwenda 7 au 8 sababu wao wanahesabu mpaka unakuwa bingwa kamili. Katikati hapo unazungushwa, wodi ya kawaida, wachanga, dharura, ICU (wodi ya mahututi), kliniki za moyo, figo, saratani, selimundu, na kliniki ya ukuaji ambayo wengi wanaidharau na mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka siku nilipokaa nusu saa na mtoto wa miaka miwili na vitofali vya kuchezea nikagundua sijui anatakiwa apange vingapi. (Kama sita hivi.)

Ila usiende kwasababu watoto wanapendeza. Kila mtoto anakuja na mtu mzima mmoja au wawili au ukoo mzima, na nusu ya kazi yako ni hao. Kama kuongea na mzazi mwenye hofu kunakuchosha kuliko kukesha, fikiria mara mbili.

Daktari, niko mwaka wa kwanza mwezi wa nne. Usiku nabaki mwenyewe na wodi nzima, bingwa yuko nyumbani kwake. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na mtoto wa miezi saba anapumua haraka, sikuwa na uhakika, nikaona aibu kumwamsha bingwa saa nane usiku maana kuna siku nilimpigia akanijibu "kwani chuo ulisoma nini?" Nikasubiri asubuhi. Saa moja mtoto akakimbizwa ICU. Amepona, ila mimi usingizi umekata. Je nilitakiwa kujua? (Mwaka wa Kwanza)

Mdogo wangu, hukutakiwa kujua. Ulitakiwa kupiga simu. Ni vitu viwili tofauti na nitalikalia hili swali kwa muda mrefu sababu karibu barua zote nyingine zilizokuja chini yake ni hili hili limevaa nguo nyingine.

Mtoto mgonjwa anadanganya. Simaanishi ana ujanja, ni mwili wake ndo uko hivyo. Mtu mzima akiishiwa maji au maambukizi yakimwingia kwenye damu presha inaanza kukusimulia mapema kidogo, mtoto anabana mishipa, anapandisha mapigo ya moyo, anapumua haraka, presha inabaki nzuri tu kwenye chati na wewe unajipa moyo, alafu inashuka kwa mkupuo na ikishashuka ujue umeshachelewa. Kwahiyo rezidenti anayesubiri dalili iwe wazi ndo apige simu, anasubiri kitu ambacho kikiwa wazi simu haisaidii sana. Ndo maana tunawafundisha mtazame mtoto kabla hamjamgusa. Simama mlangoni. Anakutazama au anapita na macho? Anamjali mama yake? Kifua kinaingia ndani chini ya mbavu? Halafu hesabu pumzi dakika nzima, sio sekunde 15 mara nne, maana pumzi za mtoto hazina mpangilio. Chini ya miezi miwili 60 au zaidi ni nyingi, miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka mmoja mpaka mitano ni 40. Huyo wako wa miezi saba kama alikuwa na 64 na kifua kinaingia ndani, hiyo ndo sababu yako ya kupiga, huhitaji kujua ugonjwa unaitwaje.

Mimi mwaka wangu wa kwanza, sitasema wapi, nilikaa na mtoto wa kuhara toka saa sita usiku nikibadilisha dripu na kujifariji kwamba presha iko sawa, nesi mmoja mtu mzima akapita, akamgusa miguu, akasema "daktari huyu mtoto simpendi" akaenda zake. Miguu ilikuwa ya baridi mpaka magotini. Nilikuwa nimesoma yote kuhusu miguu ya baridi, ningeweza kukuandikia insha, ila sikuigusa. Nilipiga simu saa nane na nusu nikiwa natetemeka na bingwa akaja na kandambili. Toka siku hiyo nesi akisema simpendi huyu mtoto mimi nahesabu kama kipimo kimerudi kibaya. Na mama akisema "huyu sio mwanangu ninayemjua" hivyo hivyo.

Sasa jinsi ya kupiga. Wengi mnaanza na historia, "shikamoo dokta samahani kwa usumbufu, nina mtoto wa miezi saba, wa pili kuzaliwa, alianza kikohozi siku tano zilizopita…" na mtu katoka usingizini hajui unataka nini. Anza na unachotaka. "Dokta naomba uje," au "naomba ushauri, nadhani huyu anahitaji ICU." Baada ya hapo umri, kilo, pumzi, oksijeni, mapigo, umeshafanya nini na kimesaidia nini. Nusu dakika. Andika kwenye karatasi kabla hujapiga ukiogopa, hakuna anayeona.

Na huyo wa "chuo ulisoma nini". Nitakuwa mkweli, wapo, na hawaishi. Ila angalia hesabu yake, yeye amekuudhi dakika moja, wewe ukapoteza saa tano za mtoto. Siku nyingine mpigie tena, akikufokea mwambie kwa utulivu "nimekuelewa dokta, bado naomba uje", uandike kwenye faili saa uliyopiga na alichosema. Akiendelea hivyo peleka kwa msimamizi wenu wa mafunzo, na mkiwa watatu mnaolalamika jambo lile lile itasikilizwa zaidi kuliko wewe peke yako. Bingwa anayewatisha marezidenti wasimpigie huwa anajisifu wodi yake imetulia usiku. Haijatulia, haimpigii tu.

Usingizi utarudi. Ukipita mwezi haujarudi ongea na mtu wa kazi hiyo, usiulee.

Dada daktari naomba msaada wa kanula, ule mpira mdogo wa dripu unaoingia kwenye mshipa. Mwaka wa kwanza unaisha na bado mtoto mnene wa miezi tisa akija natamani nijifiche. Manesi wanapata mara ya kwanza mimi nachoma mara nne mbele ya mama. (Mikono Mizito)

Mara nne ni nyingi. Mbili, kisha mpe mwingine, na hapo sio kushindwa ni utaratibu tu. Miezi tisa mnene ni mtihani kwa kila mtu, yule mwenye mashavu mpaka kwenye vifundo. Pasha mkono moto kwanza kwa kitambaa cha uvuguvugu, zima taa za juu umulike tochi ndogo chini ya kiganja utaona mishipa ikijichora, usifunge mpira kwa nguvu. Mishipa ya watoto inapasuka kwa haraka zako. Kama ni mchanga mwache anyonye huku unachoma, kunyonya kunapunguza maumivu kweli, sio mambo ya bibi, imepimwa. Na mwombe nesi akufundishe, wazi kabisa, mwambie "naomba nisimame pembeni yako nione vidole vyako", wengi wanapenda kuombwa na ni wachache wanaowaomba.

Ila kama mtoto yuko mahututi usicheze na mishipa. Ukikosa mara moja mbili nenda kwenye mfupa wa mguu chini ya goti, sindano ya mfupa inaingia kwa sekunde na kila dawa ya dharura inapita hapo. Nimeona watu wakitafuta mshipa dakika kumi na tano kwasababu sindano ya mfupa inatisha kuitazama.

Daktari nimekosea dozi. Nilitakiwa kuandika 0.5 nikaandika kitu kikasomeka 5. Famasia ndo walishtuka wakanipigia, mtoto hajapewa. Nimwambie mtu au ninyamaze kwakuwa hakijatokea kitu? (Nukta)

Sema. Leo.

Sasa nieleze kwanini. Kosa la mara kumi ndo kosa letu sisi watu wa watoto, kwa watu wazima ukizidisha mara kumi unaishia kuchukua vidonge ishirini mkononi na mwenyewe unajiuliza, kwa mtoto mara kumi ya dozi yake bado inaenea kwenye bomba moja la sindano na haimshtui yeyote. Kwahiyo mwaka ujao mtu mwingine ataandika vile vile kwenye karatasi ile ile kama utanyamaza. Ulichofanya nakisia ni kuandika .5 bila sifuri mbele, nukta ikapotea kwenye karatasi. Sheria ni fupi, weka sifuri mbele ya nukta kila siku, na usiweke sifuri nyuma yake kamwe, andika 5 usiandike 5.0, maana nukta ikififia inakuwa 50. Andika na kilo za mtoto juu ya karatasi pamoja na hesabu yenyewe, miligramu kwa kilo mara kilo, ili famasia na nesi waweze kukukagua, ukiandika jibu peke yake hakuna wa kukukamata.

Huyo wa famasia mtafute umshukuru uso kwa uso. Mimi nshawahi kushtuliwa namna hiyo mara tatu ninazozijua.

Mimi sio daktari, ni mke wa rezidenti wa watoto. Anarudi analala mezani na kijiko mkononi. Anasema ndo mafunzo yalivyo, kila bingwa amepita huko. Hivi ni lazima iwe hivi? Nani aliamua? (Mke wa Zamu)

Shemeji pole, na swali lako la nani aliamua lina jibu kabisa. Neno lenyewe rezidenti maana yake mkaazi, walikuwa wanaishi hospitali kweli. Mpango huu wa Kimarekani ulianzia Johns Hopkins kule Baltimore, hospitali ilifunguliwa 1889, na mpasuaji mkuu William Halsted ndo aliwawekea vijana wake utaratibu wa kukaa humo humo miaka na miaka, na wengi walikuwa hawajaoa. Kitu ambacho watu hawapendi kusimulia ni kwamba Halsted mwenyewe alikuwa na uraibu wa kokeini na baadae mofini. Sisemi ndo sababu ya zamu ndefu. Nasema tu mkiambiwa huu ni utamaduni wa wakubwa wenye hekima, kumbukeni na hilo.

Mwaka 1984 binti wa miaka 18 anaitwa Libby Zion alifariki New York saa chache baada ya kulazwa, akiwa mikononi mwa madaktari wa mafunzo waliokuwa na wagonjwa wengi na zamu ndefu, baba yake alikuwa mwandishi wa habari na hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, 2003 ikawa Marekani nzima. Saa 80 bado ni nyingi! Umoja wa Ulaya kikomo chao ni wastani wa 48.

Lakini usidhani kupunguza saa peke yake kunamaliza. Zamu zikiwa fupi mgonjwa anabadilishwa mikono mara nyingi zaidi, na kila anapobadilishwa kuna jambo linadondoka njiani. Hospitali 9 zenye mafunzo ya watoto huko Marekani na Kanada zilijaribu kufundisha makabidhiano kwa mpangilio mmoja, kwanza mgonjwa yuko kwenye hali gani, kisha historia fupi, kazi zilizobaki, nini kinaweza kuharibika usiku, na anayepokea anarudia kwa mdomo wake alichosikia. Matokeo yalitoka 2014, makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23 na makabidhiano hayakuchukua muda mrefu zaidi. Hakuna mashine iliyonunuliwa hapo.

Kwa mumeo nina ombi moja tu la haraka, asiendeshe gari akitoka zamu ya usiku. Madaktari wenzangu nawajua walioamkia mtaroni. Alale nusu saa kwanza hata kwenye kiti, au aje mtu amfuate. Mengine mtabishana wenyewe.

Kitabu kinasema hivi, mkubwa wangu anasema vile. Nimfuate nani? (Mbishi)

Swali zuri na jibu lake linaudhi, inategemea. Kuna wakati mkubwa wako yuko sahihi sababu ameona watoto elfu kumi na kitabu kimeona wastani wao. Na kuna wakati wote wawili wamekosea. Kwa miaka mingi kila kitabu kilikuwa kinasema mtoto mwenye mshtuko, yaani damu haizunguki vizuri mwilini, mikono baridi, homa kali, mmiminie maji haraka kwenye mshipa. Ilionekana wazi kama mchana. Wakaja watafiti wakaijaribu kwa watoto zaidi ya 3,000 huko Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yakatoka 2011, utafiti unaitwa FEAST, na waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi, kama asilimia 10 na nusu ndani ya saa 48, wasiomiminiwa asilimia 7 na kidogo. Wengi tulikataa kuamini, mimi nilikataa. (Hawakuwemo watoto wa kuhara humo, wala wenye utapiamlo mkali, usije ukamnyima maji mtoto wa kuhara ukanitaja mimi.) Hata kulaza watoto kifudifudi, madaktari wenyewe ndo walikuwa wanashauri, mpaka miaka ya 1990 ilipoonekana kuwalaza chali kunapunguza vifo vya ghafla usingizini.

Kwahiyo muulize mkubwa wako "umeona nini mpaka unafanya hivi?" Uliza kwa kutaka kujua kweli, sio kwa kumtega, watu wanasikia tofauti. Akiwa na sababu utajifunza kitu hakipo kwenye kitabu, akiwa hana atakwambia "ndo tunavyofanya" na hapo umeshajibiwa. Ila usiku mtoto akiwa mbele yenu sio muda wa ubishi, isipokuwa ukiona anaenda kumdhuru, hapo sema kwa sauti na umpigie aliye juu yake.

Mtoto wangu wa kwanza kufa mikononi alikuwa na miaka mitatu, degedege lililogoma kuisha. Nilimaliza kumwambia mama yake nikaenda kulia chooni, nikanawa uso nikarudi kuona wengine kumi na mmoja. Mkubwa wangu akasema utazoea. Sitaki kuzoea. Je hii kazi sio yangu? (Chooni)

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko zote.

Utazoea kazi ya siku ile, yaani kujua cha kufanya na mikono yako. Kifo chenyewe sidhani. Mimi wa kwanza wangu namkumbuka rangi ya soksi, ni miaka mingi imepita na sijutii kukumbuka. Kulia chooni sio dalili kwamba kazi sio yako, ila kurudi kwa wagonjwa kumi na mmoja bila dakika moja ya kukaa sio ushujaa, ni wodi mbovu. Pale tulipoanzisha kusimama wote dakika tano, daktari, nesi, hadi mfanyausafi kama alikuwepo, mtu mmoja anataja jina la mtoto tunakaa kimya kidogo, alafu nani anahitaji kwenda kunywa maji aende na wengine wanamshikia wagonjwa wake, hakuna kilichoharibika. Mwombe nesi mkuu, usisubiri bingwa aanzishe.

Kuhusu kumwambia mama, naomba niandike maana hakuna aliyetufundisha. Kaeni chini wote, zima simu, asiwe peke yake kama kuna ndugu karibu. Tumia jina la mtoto. Sema "amefariki". Najua kwa Kiswahili tuna maneno mengi ya kuzunguka, ametutoka, hatunaye, tumejitahidi sana ila, na mama aliyechanganyikiwa anasikia "tumejitahidi" anauliza kwahiyo mnampeleka wapi sasa. Sema mara moja wazi, kisha nyamaza, usijaze kimya kwa maelezo ya kitabibu. Muulize kama anataka kumshika. Toa mipira na plasta zinazoweza kutolewa kabla hajamshika. Na wiki chache baadae mpigie, mama wengi wana swali moja limewakaa kooni, kwamba lingebadilika nini ningemleta mapema, na wewe ndo mtu pekee anayeweza kulijibu.

Kama unaanza kuona kila mtoto mwenye degedege ni yule yule, au unafikiria kujidhuru, hiyo sio ya kuvumilia wala ya kuniandikia mimi, nenda kwa mtaalamu wiki hii.

Habari daktari. Nilikuwa nimelazwa na pacha wangu mmoja. Nina malalamiko na kuuliza. Malalamiko: anakuja kijana anauliza maswali, anaondoka, anakuja mwingine maswali yale yale, mpaka watano. Kuuliza: usiku niliona mtoto anakoroma tofauti, yule daktari kijana alikuwa amesinzia kwenye kiti, nikamwonea huruma nikasubiri aamke mwenyewe. Nilikosea? (Mama Pacha)

Mama Pacha karibu. La maswali matano nakubali linachosha, na kuna wakati kweli ni uzembe wa kutosoma faili. Ila wakati mwingine mtu wa nne ndo anauliza "mama, hicho kikohozi kilianza ghafla akiwa anacheza?" na wewe unakumbuka kulikuwa na karanga. Huyo kijana ni daktari kamili, ana leseni, anasomea ubingwa, na nyuma yake yuko bingwa anayewajibika. Una haki ya kumuuliza jina lake, yuko mwaka wa ngapi, na bingwa wake nani, wala hatachukia, na kama ni kumchoma mwanao mara ya tatu una haki ya kusema aje mwingine.

Na ndio, la usiku ulikosea, kwa huruma. Nimewaambia marezidenti hapo juu wawaamshe mabingwa wao, na wewe nakwambia hivyo hivyo. Mguse bega, umwambie "daktari, naomba uje umwone mwanangu, pumzi zake zimebadilika." Usianze na samahani. Akisema anakuja na dakika tano hajafika, nenda kwa nesi, ongea kwa sauti, wodi nzima iamke ikibidi.